Divai ya Côtes du Rhône: harufu ya kiberiti, koo kuwaka, na chupa kufa siku ya pili

Kaunta_Muyenga:

Habari zenu ndugu. Nauliza kuhusu divai nyekundu kavu, zile za kuchanganya zabibu za kusini mwa Ufaransa. Tuliyo nayo kaunta ni Côtes du Rhône. Lebo ya nyuma inataja Grenache, Syrah na Mourvèdre bila kusema kila moja ni kiasi gani, kileo 14%, kizibo cha gome, si cha kuzungusha. Tunaiuza kwa glasi.

Inatusumbua kwa mambo matatu. Chupa nyingine ukiifungua inatoa harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na moja moja inanuka boksi lililolowa. Wateja wanalalamika inachoma koo kama waragi, wakati karatasi ya muuzaji inasema ni divai ya "uzito wa kati". Halafu chupa ikibaki nusu usiku, kesho yake mchana imekwisha ladha, imekuwa kama maji ya zabibu kavu.

Mazingira ni haya: rafu iko nyuma ya kaunta, kipimajoto pale kinasoma 26 hadi 28 mchana. Friji iliyopo ni ya soda na bia, nyuzi 4. Umeme unakatika. Stoo ya chini ya ardhi hakuna. Nirudishe mzigo, au kosa ni letu? Na iende na chakula gani? Menyu ni muchomo (nyama choma) wa mbuzi, luwombo (kitoweo kilichopikwa ndani ya jani la mgomba), samaki ngege na nguruwe. Jibini hatuna.


Nyuzi16:

Mzigo usirudishe kwanza. Nusu ya hayo yanatoka kwenye hicho kipimajoto chako, hayatoki kwenye chupa.

Koo kuwaka ni joto. Kileo hupaa upesi kadiri divai inavyopata moto, kwa hiyo kwenye nyuzi 27 kinachotangulia puani na kooni ni spiriti, tunda linafuata nyuma likiwa hoi. Ule usemi wa "nyekundu inywewe kwa joto la chumba" ulizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya, chumba chenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Kampala saa nane mchana ni kingine kabisa.

Grenache nayo ina mkono wake hapo. Ngozi yake nyembamba, rangi yake si nzito, ila inajaza sukari kupita wenzake. Hesabu ya haraka: gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya kileo. Kufika 14% hamira imekula karibu gramu 240 kwa lita. Sukari imeisha, ndiyo maana ikaitwa kavu (kwa sheria za Umoja wa Ulaya, kwa kawaida isizidi gramu 4 kwa lita), lakini kileo kiko palepale. Mteja akikuambia "mbona inanukia tamu na haina sukari", hiyo ni Grenache: harufu ya stroberi iliyoiva sana juu ya divai isiyo na sukari.

Lenga nyuzi 15 au 16 wakati wa kumimina. Itapanda hadi 18 mteja akiwa bado nayo mezani, na hapo ni sawa. Chukua ndoo, barafu nusu na maji nusu, maji yafike shingoni mwa chupa. Barafu peke yake haitoshi kwa sababu inagusa chupa kwa nukta nukta. Maji ndiyo yanayobeba ubaridi kuzunguka kioo chote. Kutoka 27 hadi 16 ni dakika 8 hadi 10. Chumvi kwenye ndoo waachie watu wa divai nyeupe, kwa nyekundu utapitiliza. Kwenye friji yako ya nyuzi 4 hesabu saa moja na robo, chupa isibanwe na makreti. Friza usiguse: chupa ikisahaulika, divai inaganda, inavimba na kusukuma kizibo.

Ukipitiliza ikafika 10, ukakasi unajitokeza mkavu na tunda linajificha. Mwambie mteja aishike glasi kwa tumbo lake dakika chache. Usiiweke kwenye maji ya moto.

Nunua kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka, kile cha nyama. Kifute, kichovye kwenye glasi ya kwanza ya kila chupa. Baada ya wiki mkono wenyewe utajua. Wahudumu wasioamini wape glasi mbili za chupa moja, moja ya rafuni na moja ya ndooni, bila kuwaambia. Wengi watasema ni divai mbili tofauti.

Kuhusu "uzito wa kati": uzito ni jinsi divai inavyokaa mdomoni, si asilimia ya kileo peke yake. Unaundwa na kileo, tanini na vitu vilivyoyeyuka humo. Tanini ndiyo ule ukakasi unaoupata ukila zambarau, jambula kama inavyoitwa hapa, ulimi ukawa kama umepigwa msasa. Grenache haina mwingi, ndiyo maana divai ya 14% inaweza kubaki ya kati wakati Cabernet ya 13.5% ni nzito.


Kizibo_Entebbe:

Naunga mkono ya Nyuzi16. Mimi nashika upande wa harufu, maana hapo umechanganya vitu viwili ambavyo dawa zake hazifanani.

Kiberiti. Kiswahili kimetusaidia hapa: kiberiti cha kuwashia na kiberiti cha salfa ni neno moja, na pua inakubali. Harufu hiyo, pamoja na yai viza, mpira ulioungua na kitunguu kilicholala, ni misombo ya salfa. Inatokea pale hamira ilipokosa chakula chake cha naitrojeni wakati wa kuchachuka, au divai ilipokaa muda mrefu imebanwa bila hewa. Syrah na Mourvèdre wana tabia hiyo ya kujifunga. Grenache ni kinyume, yenyewe hewa inaiharibu upesi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuzichanganya: mmoja anampa mwenzake kinga anayoikosa.

Dawa ni hewa. Mimina chupa yote kwenye jagi la mdomo mpana kutoka juu kama shubiri moja, zungusha, acha dakika 20 hadi 30, kisha rudisha kwenye chupa kwa faneli. Kwa huduma ya glasi fanya hivyo saa kumi na moja jioni kwa chupa ya kwanza tu, si kwa sita mara moja.

Isipopona, pima kwa shaba. Mimina glasi mbili za kidole kimoja. Kwenye moja tumbukiza kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa ukang'aa, koroga dakika moja, toa. Nusa zote mbili. Yenye shaba ikiwa imesafika, ugonjwa ni salfa na hewa zaidi itasaidia. Zikiwa sawa, tatizo ni jingine, au salfa imeshageuka kuwa aina ambayo shaba haiigusi. Divai ya jaribio mwaga, usimpe mtu.

Boksi lililolowa. Hii ni dosari ya kizibo, inaitwa TCA. Ukungu ndani ya gome ukikutana na klorini huitengeneza, na pua inaikamata kwenye nanogramu chache tu kwa lita. Haimdhuru mtu, lakini haitoki. Hewa inaizidisha: boksi la dakika ya kwanza linakuwa godoro la stoo dakika ya kumi. Mara nyingine hainuki wazi, inakula tunda tu, divai ikawa bubu. Chupa hiyo ndiyo ya kurudisha. Usiimwage: rudisha kizibo, bakiza angalau theluthi mbili ndani, piga picha namba ya toleo, ile inayoanza na herufi L kwenye lebo au kwenye kioo. Bila hivyo muuzaji atakuambia mmeinywa mkaishiwa hela.

Na tafadhali, kunusa kizibo mbele ya mteja ni maigizo. Kizibo hunuka kizibo. Nusa divai.

Zipo nyingine mbili uzijue. Harufu ya zizi au ya plasta ya kidonda ni hamira mwitu iitwayo Brettanomyces, inayopenda vyumba vya divai vyenye joto na mapipa yasiyooshwa vizuri. Ikiwa kidogo wengine wanaipenda. Ikizidi, mwisho wa ladha unakauka na kuwa kama chuma. Ila usiihukumu haraka, kwa sababu Mourvèdre safi nayo ina harufu ya nyama na ngozi. Tofauti ni kwamba ya Mourvèdre ina tunda jeusi nyuma yake. Ya pili ni siki na rangi ya kucha. Hiyo imeharibika, haina dawa.


Malaba_Transit:

Hakuna aliyegusa safari. Divai inayofika Kampala kwa bahari inashuka Mombasa, inapanda lori, inapita Malaba au Busia, na foleni zake mnazijua. Kontena la chuma lililosimama juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani. Divai ikipikwa namna hiyo hakuna ndoo ya barafu itakayoirudisha.

Kabla ya kusaini karatasi ya kupokea, fungua boksi moja la juu, moja la katikati na moja la chini. Ya juu huumia kwanza. Pitisha kidole gumba juu ya kifuniko cha foili: kizibo kilichopanda utakihisi kama kijipu chini yake. Jaribu kuzungusha foili kwa vidole. Ikigoma kwa kunata, divai ilivuja na kukaukia pale. Inamisha chupa mbele ya mwanga, linganisha kimo cha divai shingoni chupa kwa chupa. Moja iliyoshuka sentimita moja chini ya wenzake iweke pembeni. Halafu fungua hiyo. Divai iliyopikwa ina ukingo wa kahawia glasini ingawa ni ya mwaka juzi, na ladha ya matunda yaliyochemshwa, jemu bila sukari.

Kizibo cha kuzungusha hakivuji kirahisi, lakini hakina ishara pia. Joto linaipika divai ile ile, wewe huoni kitu. Hapo ni kuonja tu.

Ukishapokea: rafu ya nyuma ya kaunta ni mahali pa kuonyesha chupa mbili, si pa kuweka mzigo. Zilizobaki zilale kwa ubavu kwenye chumba cha katikati ya nyumba, sakafuni, mbali na ukuta wa jiko na mbali na mgongo wa friji, maana pale nyuma ndipo friji inapotapikia joto lake. Chini ya mabati bila dari, hapana. Nyuzi 20 zisizoyumba ni bora kuliko 13 za mchana umeme ukiwepo na 26 za usiku ukikatika. Kupanda na kushuka ndiko kunakosukuma na kuvuta kizibo hadi hewa iingie.

Mkinunua kijokofu cha divai, kiwekeni nyuma ya kilinzi cha volti na mkijaze. Chupa 30 zilizopoa ni barafu tosha. Umeme ukiondoka usifungue mlango, zitashika ubaridi kwa saa kadhaa. Friji ya bia inafaa kwa wiki mbili tatu. Si miezi: hewa yake kavu na mtikisiko wa mashine.

Na usiweke akiba ya miaka. Côtes du Rhône ya kawaida inanyweka vizuri kati ya mwaka wa pili na wa tano tangu mavuno. Kwa stoo ya nyuzi 22 toa mwaka au miwili. Agiza unachomaliza kwa miezi mitatu.


Malewa_Mbale:

Chakula sasa. Kilichoandikwa kwenye lebo zao ni kondoo na jibini, lakini divai hii imekuja mahali pake.

Muchomo wa mbuzi ndio wa kwanza. Moshi wa mkaa na ule ukingo ulioungua vinaitana na pilipili manga iliyomo ndani ya Syrah. Siyo mapambo ya maneno: kuna msombo uitwao rotundoni, uliomo kwenye pilipili manga yenyewe na kwenye ngozi ya Syrah. Chumvi ya nyama inalainisha ukakasi, mafuta yanaukata. Hatari iko kwenye sahani ya pembeni. Kamulali, zile pilipili ndogo kali, na kileo cha 14% ni petroli kwenye moto. Kila kimoja kinakuza kuwaka kwa mwenzake. Malalamiko ya "waragi" mkiyachunguza, naamini mengi yanatoka meza zilizoagiza pilipili. Waambie wahudumu: mteja akiomba kamulali nyingi, divai yake ishuke hadi 13 au 14, au umpe nyingine ya kileo kidogo.

Luwombo ya nyama iliyokaushwa kwa moshi ndani ya mchuzi wa karanga, hapo Grenache inashinda Cabernet bila ubishi. Karanga zina mafuta na utamu wake. Tanini kali ikikutana nazo huacha uchungu, tanini laini inateleza. Malewa ya karanga kutoka huku kwetu Bugisu hali kadhalika, kwa sababu yale machipukizi ya mianzi yameshakaa na moshi. Luwombo ya kuku mweupe ni laini kuliko divai, itamezwa.

Nguruwe wa kukaanga, ndiyo, lakini punguza ndimu. Uchachu wa chakula hufanya uchachu wa divai uonekane haupo, na Grenache ina uchachu mdogo tangu mwanzo. Ndimu mbili kwenye sahani, divai imekuwa bapa.

Ngege, hapana. Madini ya chuma yaliyomo kwenye divai nyekundu yakikutana na mafuta ya samaki huleta shombo linalokaa mdomoni. Uza nyeupe. Mteja aking'ang'ania nyekundu, mpe ikiwa baridi zaidi na ngege awe wa nyanya na vitunguu, si mkavu wa mafuta.

Matooke peke yake hayana la kusema, yanabeba tu mchuzi. Katogo ya utumbo ni mambo ya asubuhi, tuiache.


Kaunta_Muyenga:

Asanteni sana. Foili moja imegoma kuzunguka, imenata, nimeiweka pembeni. Yamebaki mawili. Chupa iliyofunguliwa nitaifikishaje siku ya tatu bila mashine ya gharama? Na kuna mchanganyiko mwingine wa ukanda uleule wenye kileo kidogo?


Nyuzi16:

Chupa ndogo. Tafuta zile za mililita 375 zenye kizibo cha kuzungusha, osha kwa maji ya moto bila sabuni, kausha zikiwa zimeinama. Unapofungua chupa kubwa, kabla hujamimina glasi ya kwanza, jaza ndogo hadi ukingoni kabisa, funga, weka friji ya nyuzi 4. Iliyobaki kwenye kubwa ndiyo ya kuuza jioni. Watu hukosea kwa kungoja hadi usiku ndipo wahamishe. Saa tano usiku divai imeshameza hewa, ubaridi unachelewesha tu. Ikifanywa mapema, ile ndogo inafika siku ya tatu bila aibu, hata ya nne. Itoe dakika 40 kabla ya kuuza.

Pampu ya kunyonya hewa inasaidia siku moja zaidi, ila inanyonya na harufu. Kurudisha kizibo na kuiacha kaunta, kama mnavyofanya, kwa mchanganyiko wenye Grenache nyingi ni kuiua. Ile ladha ya zabibu kavu uliyoieleza ndiyo hewa yenyewe.

Glasi iwe mililita 150, chupa inatoa tano. Kwa 125 inatoa sita, na hapo chupa nayo inaisha mapema, tatizo linapungua lenyewe. Wekeni alama kwenye kipimio, msikadirie kwa jicho.


Jinja_Pipa:

La kileo kidogo nalijibu mimi, na la lebo pia, kwa sababu ukijua kusoma lebo utanunua vizuri kuliko kufuata karatasi ya muuzaji.

Sogea magharibi ya Rhône uingie Languedoc. Corbières na Minervois, zote zilipata hadhi ya AOC (jina la eneo linalolindwa kisheria) mwaka 1985, zinatumia Grenache, Syrah na Mourvèdre zilezile lakini na Carignan, zabibu yenye uchachu mkubwa. Nyingi zinasimama 13% hadi 13.5%. Sehemu ya Carignan mara nyingi huchachushwa matunda yakiwa mazima ndani ya tangi lililojaa hewa ya kaboni. Tunda linaanza kuchachuka kutoka ndani yake lenyewe, ngozi haikamuliwi kwa nguvu, ukakasi unakuwa mdogo. Hizo hata ukizipoza hadi 14 hazikunji uso. Ndizo ningeweka kwa meza za kamulali.

Lebo ya Rhône ina ngazi. Côtes du Rhône, AOC ya mwaka 1937, ndiyo ya chini na pana. Juu yake Côtes du Rhône Villages, wakati mwingine na jina la kijiji. Juu zaidi vijiji vinavyosimama kwa jina lake: Gigondas, Vacqueyras, Cairanne, Rasteau, Lirac, na Châteauneuf-du-Pape mwenye bei yake. Kadiri unavyopanda, uzito na kileo navyo huelekea kupanda. Usidhani Gigondas itakuondolea malalamiko ya koo, itayaongeza. Ukiona Vin de France peke yake, zabibu zinaweza kutoka popote nchini humo.

Tazama pia aliyeijaza chupa. "Mis en bouteille au domaine" maana yake imejazwa kwa mkulima. Kukiwa na msimbo unaoanza na EMB, tarakimu mbili za mwanzo ni namba ya mkoa: 84 ni Vaucluse, 30 Gard, 26 Drôme, hizo ni Rhône, 11 Aude na 34 Hérault ni Languedoc. Divai ya Rhône iliyojazwa mbali sana na hapo si lazima iwe mbaya, lakini ilisafiri kwa tangi kabla haijasafiri kwa kontena. Na kwa mavuno ya 2024 kuendelea, Umoja wa Ulaya unataka viambato na lishe vionyeshwe, mara nyingi kwa msimbo wa kuskani kwa simu. Skani, tafuta sukari kwa mililita 100, zidisha kwa kumi. Ikitoka zaidi ya 4, "kavu" yake iulize maswali.

Ukitaka wahudumu waelewe mchanganyiko ni nini, wafundishe kwa mikono. Nunua chupa tatu za zabibu moja moja. Ya Kifaransa si lazima: Garnacha ya Hispania ndiyo Grenache, Monastrell ya Jumilla ndiyo Mourvèdre, na Shiraz ya Afrika Kusini ndiyo Syrah. Chagua zisizo na mwaloni mpya, la sivyo mtaonja pipa. Zote ziwe nyuzi 16. Sindano ya mililita 20 isiyo na ncha kutoka duka la dawa inatosha kupimia. Wonje kila moja kwanza, halafu wachanganye 60 za Grenache, 25 za Syrah, 15 za Mourvèdre. Hapo watu huwa kimya kidogo, maana kitu cha nne kinatokea ambacho hakikuwa kwenye chupa yoyote.

Kisha wavuruge. Syrah ikifika 50, rangi inakuwa wino na stroberi inapotea chini ya pilipili manga. Mourvèdre ikifika 35, divai inafunga mlango: nyama, ngozi, ukakasi nyuma ya meno, na itahitaji jagi na saa nzima. Ikiondolewa kabisa, mwanzo ni mtamu wa harufu lakini mwisho hauna kitu, unameza na imekwisha. Kwa hiyo chupa yako yenye kiberiti sana na ukakasi mgumu pengine ina Syrah na Mourvèdre nyingi, na ile inayokufa upesi ina Grenache nyingi, hata kama lebo imekaa kimya.

Kule kwao mashamba huvunwa kwa zamu kwa sababu hiyohiyo. Syrah hutangulia kuiva, Grenache inafuata, Mourvèdre mwisho, na mwaka wa baridi inaweza isiive vizuri. Inataka joto, ndiyo maana makao yake makuu ni Bandol, pwani kabisa, ambako sheria inaitaka iwe angalau nusu ya divai nyekundu. Ndani zaidi bondeni wanaipanda kidogo, kwenye miteremko inayotazama jua.


Kizibo_Entebbe:

Nyongeza ndogo kwenye jaribio la shaba, kwa sababu kuna mtu ameshaniuliza kwa ujumbe. Waya wa kusukia mota za umeme unang'aa kama shaba lakini umepakwa vanishi, hautafanya chochote na vanishi yake huitaki glasini. Menya waya mnene wa nyumba, ule wa plastiki, sugua shaba yake kwa msasa laini hadi iwe ya rangi ya waridi, osha kwa maji, ndipo uchovye.